Ndovu wa silva ni zawadi nzuri, lakini si akiba ya chama

Kuna swali ambalo wateja wetu wa Umoja, Kayole, Donholm na Eastleigh wamekuwa wakituuliza: hizi sarafu za silva zenye picha ya ndovu, simba na gorila, zinazotangazwa kwa WhatsApp na Facebook, ni mali au ni mtego? Na ukiambiwa utume pesa kwa simu ndipo uletewe, utume au usitume?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Sarafu zenyewe zipo, zinatengenezwa na viwanda vinavyojulikana, na nyingine ni nzuri kweli. Lakini pesa ya chama, pesa ya karo na pesa ya kuongeza bidhaa dukani isiingie huko. Na kwa mtu usiyemjua, usitume hata mbao.

Haya ni maoni yetu, si amri. Tunaeleza sababu moja baada ya nyingine, ndipo uamue mwenyewe.

Fedha na fedha

Kiswahili chenyewe kinachangia kutuchanganya. Fedha ni madini meupe yanayong'aa, na fedha hiyo hiyo ni pesa. Tuna Waziri wa Fedha ambaye hashughuliki na madini, na sonara wa Eastleigh anayeuza pete ya fedha na kulipwa fedha kwa simu. Muuzaji mjanja anaupenda mkanganyiko huu. Anakwambia, "Hii ni fedha halisi, si karatasi." Ukisikia hivyo unadhani umeshika pesa. Hapana, umeshika bidhaa.

Pesa ni kile ambacho mama mboga wa Mutindwa atakipokea saa hii bila kukuuliza swali. Bidhaa ni kitu ambacho lazima kwanza umpate mtu anayekitaka, mkubaliane bei, ndipo kiwe pesa. Ndovu wa silva ni bidhaa, kama jiko, kochi au ng'ombe. Si vibaya kuwa na bidhaa. Kosa ni kuihesabu kama salio.

Na kama ni picha ya mnyama unayoitafuta, unayo tayari mfukoni. Toa sarafu zako uangalie. Bob moja ina twiga, kobole ina faru, ashu ina simba, na mbao ina ndovu. Sarafu hizi zilizinduliwa tarehe 11 Desemba 2018, baada ya Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, kusema kwamba noti na sarafu zetu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Ndipo marais wakatoka na wanyama wakaingia. Ndani yake hamna silva hata chembe, lakini makanga wa matatu ya Buruburu hajawahi kuikataa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya pesa na madini.

Ndovu wa Somalia anazaliwa Ujerumani

Sarafu inayotajwa sana kwenye matangazo ni ile ya ndovu iliyoandikwa jina la Somalia. Ile ya kawaida ina uzito wa aunsi moja ya silva, na upande mmoja imeandikwa shilingi 100. Inatengenezwa kwenye kiwanda cha serikali ya jimbo la Bavaria, Ujerumani. Ilianza mwaka 1999 kwa jina la Zambia, na tangu 2004 inatoka kwa jina la Somalia. Kila mwaka picha ya ndovu hubadilishwa, na ndiyo maana wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hurudi kununua tena na tena: wanataka waijaze safu bila pengo.

Ndovu huyu hayuko peke yake. Rwanda ina mfululizo wa wanyama ulioanza na gorila mwaka 2008, na mwaka uliofuata ukawa na ndovu. Afrika Kusini ndio wakongwe wa biashara hii: Krugerrand yao ya dhahabu, yenye swala, ilianza mwaka 1967, na mwaka 2017 wakatoa ya silva kuadhimisha miaka 50. Hapa jirani, Tanzania ilitoa mwaka 1974 sarafu za silva za uhifadhi wa wanyama, moja ikiwa na twiga na nyingine faru.

Sasa tazama ajabu yake. Nenda First Avenue pale Eastleigh, ambapo Wasomali wanauza kila kitu kuanzia pazia hadi dhahabu, kisha mpe mwenye duka ile sarafu ya ndovu umwambie, "Hii ni shilingi mia ya kwenu, nipe soda." Atacheka. Mogadishu kwenyewe hakuna anayenunua mkate nayo. Huko watu hutumia dola, na wengi hulipana kwa simu kama sisi. Noti yao ya shilingi 1,000 ina thamani ya senti chache tu za dola. Kwa hivyo ile "100" iliyochorwa kwenye silva ni ya sheria na ya mapambo. Haikwambii bei. Bei inatoka mahali pengine: uzito wa madini, soko la dunia, na hamu ya mkusanyaji.

Hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka msomaji ashike. Ukiona jina la nchi ya Afrika na mnyama wa Afrika, usidhani soko liko Afrika. Wanunuzi wengi wa sarafu hizi wako mbali sana na Kayole. Nawe siku ukitaka kuuza, utahitaji mnunuzi wa karibu.

Silva iliyowahi kuwa mfukoni mwa babu

Kuna watu watasema silva si utamaduni wetu. Si kweli. Kulikuwa na wakati ambapo pesa ya kila siku Nairobi ilikuwa silva kweli kweli.

Kabla ya shilingi kulikuwa na rupia, sarafu ya silva iliyokuja na biashara ya Bahari ya Hindi na reli. Mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kuwa florini, na 1921 florini ikapisha shilingi. Rupia moja ikahesabiwa kuwa shilingi mbili. Tulipata hata maneno kutoka sarafu za watu: "pesa" lilitoka India, na "hela" lilitoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Hao Wajerumani mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia njia ya bahari, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli huko Tabora. Picha waliyoweka ni ndovu aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Wakusanyaji wa leo wanaitafuta kwa bei ya juu.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ilikuwa na simba mbele ya milima. Ilikuwa na uzito wa takriban gramu 7.8, na robo ya uzito huo ilikuwa silva. Ukipiga hesabu, shilingi 16 za namna hiyo zina aunsi moja ya silva. Ziliendelea hivyo hadi zile za mwaka 1946. Kuanzia zile zilizoandikwa 1948, silva iliondolewa na shilingi ikawa ya shaba na nikeli. Simba alibaki pale pale, lakini silva ilikuwa imekwisha.

Kwa hivyo kama shosho ana mkebe wa sarafu za zamani, soma mwaka kabla hujamkubalia mtu anayepita mtaani akinunua "coins za kitambo". Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 ina karibu gramu mbili za silva. Ile ya 1948 na kuendelea haina. Senti hamsini ya miaka ile ya kwanza pia ina robo ya silva. Haitakutajirisha, ila usimwachie mtu kwa bei ya sukari nusu kilo. Na usiisugue kwa majivu wala dawa ya sufuria. Mkusanyaji huikwepa sarafu iliyosuguliwa.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu moja. Babu zetu hawakuitunza shilingi ya simba kwa sababu ya robo ya silva iliyokuwa ndani. Waliishika kwa sababu kila duka liliipokea. Silva ilipoondolewa, maduka yaliendelea kuipokea. Kilichoipa nguvu ni watu kuiamini, na sheria iliyokuwa nyuma yake.

Hesabu ya aunsi moja

Tupige hesabu kama ya chama, kalamu mkononi. Takwimu hizi ni za mfano ili uone njia. Siku ukitaka kununua, weka bei ya siku hiyo.

Tuseme aunsi moja ya silva kwenye soko la dunia ni dola 50, na dola ni shilingi 129. Hiyo ni shilingi 6,450. Lakini hakuna anayekuuzia sarafu kwa bei ya madini matupu. Kuna gharama ya kiwanda, faida ya muuzaji, na nyongeza ya uzuri wa picha. Tuseme nyongeza yote ni asilimia 20. Sasa umelipa 7,740. Hapo hatujaweka gharama ya kuisafirisha, bima, wala ushuru wa forodha ikiwa inatoka nje.

Miezi sita baadaye mtoto anaitwa shule ya bweni na unataka pesa. Unaipeleka kwa sonara. Sonara hajali kwamba ndovu ana mtoto au amesimama chini ya mti. Yeye anapima madini, na lazima apate chake. Tuseme anakupa asilimia 90 ya bei ya silva. Ikiwa bei ya dunia haijasonga, unapokea 5,805. Umepoteza shilingi 1,935 bila kuibiwa na mtu. Hiyo ni robo ya pesa uliyoweka.

Ili urudishe tu zile 7,740 zako, bei ya silva inabidi ipande hadi shilingi 8,600 kwa aunsi. Hiyo ni theluthi moja zaidi ya siku uliyonunua. Ndipo uwe umetoka sufuri kwa sufuri.

Muuzaji hatakuonyesha hesabu hii. Atakuonyesha mstari unaopanda kwenye simu yake.

Mstari huo pia hushuka

Ni kweli silva hupanda. Oktoba 2025 ilivuka dola 50 kwa aunsi, na watu wengi wakaanza kuizungumzia. Lakini mstari huo uutazame kwa urefu wake wote.

Januari 1980 silva ilikaribia dola 50, baada ya ndugu wawili matajiri wa Marekani kujaribu kuikusanya karibu yote sokoni. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 11. Aprili 2011 ilifika karibu dola 50 tena. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 14.

Fikiria mtu aliyenunua Januari 1980. Alingoja miaka 31 kuona bei ile ile tena, na kwa miaka hiyo yote kila kitu kingine kilikuwa kimepanda bei. Yule aliyenunua Aprili 2011 kwa ajili ya karo ya mtoto wa darasa la kwanza, mtoto huyo amemaliza shule na kuingia chuo ndipo bei ikarudi. Silva haikuharibika wala haikuibwa. Ila haikuwepo siku ilipohitajika.

Kuna jambo jingine. Silva haizai. Ukiweka sarafu kumi kabatini leo, baada ya miaka kumi utakuta sarafu kumi. Ng'ombe angekuwa amezaa, na hisa zako za Sacco zingekuwa zimeleta gawio.

Wanaoipenda silva nao wana hoja

Tusiwaonee wanaoipenda silva. Wana hoja, na nyingine ni nzito.

Wanasema pesa ya karatasi inaweza kufa mkononi. Ni kweli, tumeona. Noti za zamani za shilingi 1,000 ziliacha kutumika tarehe 30 Septemba 2019, na Benki Kuu ilitangaza kwamba noti zaidi ya milioni saba hazikurudi. Zilibaki karatasi. Wanasema pia shilingi inaweza kuyumba. Nalo ni kweli: mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 kabla ya kurudi kwenye 130 hivi. Aliyekuwa na kitu kinachohesabiwa kwa dola, wakati huo alipumua.

Tena kuna wanaosema: nyinyi ni watu wa pesa kwa simu, lazima mtatuambia pesa zikae kwa simu. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa hivyo tuseme wazi. Salio lililolala kwenye simu halizai pia. Kwa sheria, pesa unazoona kwenye simu huwekwa benki kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa za kampuni, ili ziwepo unapozitaka. Huo ni usalama, si faida. Simu ni mlango wa pesa kuingia na kutoka. Si ghala la akiba ya miaka kumi.

Kwa hivyo hatusemi "acha silva, weka pesa kwa simu." Tunasema kila shilingi ina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayoamua ikae wapi. Pesa ya dharura ikae mahali utaitoa usiku wa manane mtoto akiugua. Pesa ya karo ya muhula ujao ikae mahali haitapungua. Pesa ya miaka mitano ikae mahali inazaa. Mtu aliyekwisha kupanga hizo tatu, na bado ana kitu kidogo cha kubaki, huyo akitaka ndovu wa silva, anunue. Ni pesa yake na raha yake.

Shida yetu ni kwamba tangazo haliendi kwa huyo. Linaenda kwa mama mwenye elfu nane za mwisho wa mwezi, na kwa mweka hazina wa chama cha watu kumi na wawili ambao wamechanga tangu Januari.

Mtego mkubwa uko kwenye malipo

Hasara ya bei ni jambo moja. Kuibiwa ni jambo jingine, na huku ndiko sisi tunaona moshi zaidi.

Nairobi inajulikana nje kwa matapeli wa dhahabu bandia. Wageni wamelizwa mamilioni kwa masanduku ya madini yasiyo dhahabu. Mbinu ile ile ikiletwa mtaani hupunguzwa saizi: badala ya sanduku ni sarafu moja, na badala ya mamilioni ni elfu saba. Zijue dalili zake.

Bei ni ya chini mno. Kama aunsi ya silva ni zaidi ya 6,000 duniani kote, anayekuuzia sarafu ya aunsi moja kwa 2,500 anakuuzia nini? Hakuna mtu anayetupa 3,500 kwa huruma.

Haraka ni nyingi. "Zimebaki tatu. Ofa inaisha saa kumi." Silva haiozi, ya nini presha?

Malipo ni kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kabla hujathibitisha si la muuzaji wala la duka. Ukiuliza, unaambiwa ni "ajenti wetu" au "dada ya bosi".

Kuna ada kabla ya mzigo. Unatuma deposit, kisha unaambiwa sarafu imekwama uwanja wa ndege, tuma ya forodha. Ukituma hiyo, inakuja ya bima. Hii ni ngazi isiyo na juu.

Na ile mbaya zaidi: unaambiwa ukileta watu watatu, wako wa kwanza anakuja bure. Hapo sarafu ni chambo tu. Kinachouzwa ni wewe na marafiki zako. Wakenya waliochoma pesa kwenye piramidi za 2006 na 2007 wanakijua kitabu hiki.

Ukiona dalili moja, simama. Ukiona mbili, block.

Kama umeshatuma, usikae kungoja aibu iishe. Piga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni unayotumia dakika hiyo hiyo, kwa namba rasmi, si ile uliyotumiwa na mtu. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji kuna nafasi. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Weka ujumbe wa muamala na skrinshoti za mazungumzo, uende kituo cha polisi upate namba ya OB. Na mtu yeyote atakayekupigia akisema anaweza kukurudishia pesa ukimtajia PIN, huyo ni tapeli wa pili kwenye foleni.

Kama bado unaitaka

Sawa. Una pesa yako ya raha na umempenda ndovu. Basi nunua kwa macho wazi.

Nunua ana kwa ana, dukani, kwa mtu mwenye leseni ya biashara na risiti. Lipa kwa till iliyo na jina la duka, ukiwa umeishika sarafu mkononi. Kwanza sarafu, halafu PIN.

Nenda na mizani ndogo, zile za kupimia viungo zinatosha. Aunsi ya silva si ile ya jikoni. Ya jikoni ni gramu 28 na kitu. Ya madini ni gramu 31.1. Upana wa ndovu wa Somalia wa aunsi moja ni karibu milimita 39. Ikiwa nyepesi au ndogo, rudisha.

Weka sumaku. Silva haishikwi na sumaku. Lakini usiishie hapo, kwa sababu shaba na risasi pia hazishikwi. Ongeza kipimo cha maji: sarafu halisi ya aunsi moja ikizamishwa kwenye bomba la sindano au kikombe chenye alama, huinua maji kwa karibu mililita tatu. Ya shaba yenye uzito huo huinua karibu tatu na nusu. Mafundi wa Kariobangi Light Industries na jua kali wa Kamukunji wanaoyeyusha madini kila siku wanaweza kukwambia mengi kwa kuishika tu, ila neno la mwisho mwachie sonara mwenye mashine.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: "Kesho nikikurudishia, utainunua kwa ngapi?" Sikiliza jibu. Kama hana bei ya kununua, basi hata yeye haamini anachokwambia.

Na usiiweke picha yake kwa status. Mtaa una macho.

Neno kwa vyama

Tunalo neno moja kwa vyama vya mtaa, kwa sababu hapa ndipo pesa za wengi hupotea kwa uamuzi wa wachache.

Pesa ya chama si ya mwenyekiti wala mweka hazina. Ni ya Wanjiku, Achieng', Mutua na Halima, na kila mmoja anaihesabia kitu tofauti. Mmoja anangoja zamu yake alipe deposit ya nyumba. Mwingine anataka cherehani. Ukiibadilisha kuwa sarafu kumi za ndovu, zamu ikifika utamkatia nani mkonga na nani mguu? Itabidi muuze, na mkiuza kwa haraka mtauza kwa hasara.

Pili, itakaa kwa nani? Sarafu kumi zinaingia kwenye soksi moja. Pesa iliyo kwenye akaunti ya kikundi inaacha alama: nani ametoa, lini, kiasi gani, na nani mwingine aliidhinisha. Silva haitumi meseji.

Tatu, kuna njia nyingine za kuzalisha, na zina msimamizi. Sacco iliyo kwenye orodha ya SASRA. Mfuko wa soko la fedha wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambapo wengi huanza na kiasi kidogo tu. Bili na hati fungani za serikali, ambazo Benki Kuu huuza kuanzia shilingi 50,000, kiasi ambacho chama kikichanga kinafika. Mwaka 2017 serikali iliwahi hata kuuza hati ya M-Akiba kwa simu kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Hakuna hata moja kati ya hizi isiyo na hatari, na riba hubadilika. Lakini zote zina mlango wa kulalamikia, na muuzaji wa WhatsApp hana.

Kwa hivyo kwenye mkutano ujao, mtu akileta wazo la ndovu wa silva, msimcheke. Mpeni kalamu afanye hesabu mbele ya wote: tunanunua kwa ngapi, tutauza kwa nani, kwa ngapi, na atakayetunza ni nani. Andikeni majibu kwenye daftari la chama. Kama kuna swali moja lisilo na jibu, pesa isitoke, na mweka hazina asishurutishwe kuituma.